Barua ya wazi kwa wakuu wa EAC na SADC: huo mpaka mnaoufunga unatuzuia sisi, wao hauwazuii

Waheshimiwa wakuu wa nchi zetu, mawaziri wa mambo ya ndani na wa ulinzi, na nyie mnaokaa kwenye sekretarieti Arusha na Gaborone, shikamooni.

Mi ni mama wa miaka 43, nina kibanda cha huduma za pesa huku Mtwara vijijini, upande wa mto Ruvuma. Natoa hela, naweka hela, nasajili laini, pembeni nina kifriji cha maji na soda, basi. Sijasomea mambo ya usalama na sina cheo chochote kijijini, ila nimekaa hapa dirishani miaka 11 sasa na kwenye hili dirisha nimeona vitu kuhusu hawa wauaji wanaovuka mipaka yetu kwa jina la ISIS, ambavyo nadhani huko juu havifiki, au vinafika vikiwa vimeshapoa, ndo maana nimeamua niandike mwenyewe kwa Kiswahili changu hiki hiki naomba mnivumilie.

Kwanza mjue kitu kimoja kuhusu Ruvuma. Kwetu sisi ni mto, mnavulia samaki, mnavuka kwa mtumbwi kwenda kuzika na kurudi. Bibi mzaa mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Mueda, na alivuka kuja huku baada ya yale mauaji ya Juni 16, 1960 ambapo Wareno waliwapiga risasi watu waliokuja kudai haki zao. Wakati huo hakuna aliyemuuliza kitambulisho. FRELIMO yenyewe, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wakakaa Nachingwea na Kongwa, vita ikaanza Septemba 25, 1964, na wakimbizi wa Msumbiji wakapewa ardhi Rutamba kule Lindi wakalima. Bibi alikuwa akisimulia hiyo safari kama mtu anayesimulia kwenda gulioni, anakwambia tulivuka, tukapewa muhogo, tukalala. Basi mi nimekua nikijua mto huo unapokea watu.

Oktoba 14, 2020 usiku mto huo huo ukavukisha watu wengine. Kama 300 hivi, idadi aliitaja mkuu wa polisi wa wakati ule, IGP Simon Sirro mwenyewe, wakaingia Kitaya wakaua watu wakachoma nyumba kisha wakarudi walikotoka. Siku iliyofuata ISIS wakatangaza kwamba ni wao. Yaani kijiji ambacho ukimuuliza mtu wa Dodoma hajui kiko wapi, kikatajwa na watu wa huko mbali wanaotoa matangazo yao kwa Kiarabu, kabla hata sisi majirani hatujajua nani kapona na nani hajapona. Mi nilijua kwa simu, dada mmoja mteja wangu alipiga usiku analia anasema wamekuja, wamekuja, simu ikakatika.

Tangu siku hiyo tukawekewa ulinzi na tunashukuru kwa kweli, wanajeshi wapo na tunalala. Ila naomba niseme ukweli kuhusu kilichofuata. Mtumbwi ukawa kosa. Mama aliyezoea kuvuka akanunue samaki wakavu anaulizwa unaenda kwa nani, mjomba akifa ng'ambo hamuendi, kijana akionekana mtoni saa 12 jioni anapigwa. Sisi tukafungiwa. Na wao je? Miezi mitano tu baada ya Kitaya, Machi 24, 2021, wakaivamia Palma, mji uliopo hapo ng'ambo tu, pembeni ya ule mradi wa gesi wa dola bilioni 20 kule Afungi. Hawakufika kwa kuomba pasi mpakani jamani. Wengine walikuwa wameshaingia mjini siku kadhaa kabla, wamekaa kwenye nyumba za watu.

Wiki chache baada ya Palma alikuja mwanamke kibandani kwangu asubuhi nikiwa nafungua. Miguu imevimba mpaka kandambili haziingii, kazibeba mkononi. Ana mtoto wa kike kama miaka 6, na kwenye mkono wa yule mtoto, kuanzia kwenye kiwiko kushuka, ilikuwa imeandikwa namba ya simu kwa kalamu ya bluu, imeanza kufutika kwa jasho. Akanisalimia kwa Kimakonde, akaniita dada, akasema hiyo namba ni ya mume wangu yuko Pemba ya Msumbiji, naomba unipigie nimwambie tuko hai. Simu yake alikuwa nayo kaifunga kwenye kifuko cha nailoni lakini laini ni ya Msumbiji na huku haishiki, salio hana. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena mchana, haipatikani. Nikainakili ile namba kwenye daftari langu la miamala maana kwenye mkono wa mtoto ilikuwa haitafika kesho. Nikawapa uji, wakalala kwenye baraza ya jirani yangu. Siku ya pili wakapakiwa kwenye lori pamoja na wenzao wakapelekwa kuvushwa kule Daraja la Umoja, warudi Msumbiji upande wa Negomano. Na hawakuwa wao tu, mwaka huo UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walisema watu maelfu walirudishwa hivyo hivyo.

Mimi sisemi kila anayevuka aachwe apite bila kuangaliwa. Angalieni, hojini. Ninachosema ni kwamba yule mama alikuwa ametoka ndani ya Palma. Aliwaona kwa macho yake. Alituambia pale barazani, kwa Kimakonde, kwamba baadhi yao walikuwa wanaongea Kiswahili cha huku kwetu na mmoja alimjua kwa sura, aliwahi kuuza nguo za mtumba mjini. Nani alikaa naye akamuuliza taratibu kwa lugha yake? Hakuna. Alihesabiwa kichwa akapandishwa lori.

Sasa wakuu wangu, tuongee kuhusu hawa jamaa wenyewe, maana nikisikiliza hotuba zenu naona kila mmoja anawazungumzia kama tatizo la nyumba ya jirani. Tanzania inasema ni ya Msumbiji, Msumbiji miaka ya mwanzo walisema ni wahalifu tu, Uganda inasema ni ya Congo, Congo inasema wametoka Uganda. Fuateni njia yao basi mwone. Mihadhara ya marehemu Aboud Rogo, mhubiri wa jihadi wa Mombasa aliyeuawa Agosti 2012, ilikuwa inazunguka pwani nzima kwenye CD na kwenye memori kadi za simu, huku kwetu tuliisikia na Mocímboa da Praia, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, waliisikia, na kwa kuwa ni Kiswahili haikuhitaji mtafsiri. Alafu ikaja Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti na watendaji wa vijiji wanauawa mmoja mmoja, na Aprili 13, 2017 askari polisi 8 wakauawa kwa mpigo pale Jaribu Mpakani. Serikali ikaingia kwa nguvu na Kibiti ikatulia. Lakini wale waliobaki walienda wapi? Walishuka kusini wakavuka Ruvuma, wengine wakaenda mpaka misitu ya Beni Congo. Na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo wa 2017, watu kama 30 wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, ndo vita ya Cabo Delgado, mkoa huo wa ng'ambo yetu, ilipoanzia. Mtu wa kawaida hapa kijijini akiziweka hizo tarehe mbili pamoja anaelewa, hahitaji kuwa mchambuzi.

Mtu ambaye Marekani walimtaja mwaka 2021 kuwa kiongozi wa kundi hilo la Msumbiji, Abu Yasir Hassan, ni Mtanzania. Mwenzake aliyekuwa anaongoza mashambulizi, Bonomade Machude Omar, aliyeuawa Agosti 2023, alikuwa Mmsumbiji. Jamil Mukulu, Mganda aliyekuwa kiongozi wa ADF, lile kundi la waasi wa Uganda linaloua watu huko Beni Congo, alikamatwa wapi? Hapa Tanzania, 2015. Kwenye kesi ya chuo kikuu cha Garissa, ambako waliuawa watu 148 Aprili 2015, mmoja wa waliohukumiwa ni Mtanzania. Machi 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani ikaweka vikwazo kwa watu wanne kwa kuchangia hela na shughuli za ISIS, walikuwa wapi? Afrika Kusini. Na mtu aliyesemekana kuwa ndo mpangaji wa fedha zao Afrika, Bilal al-Sudani, aliuawa Januari 2023 kwenye milima ya kaskazini mwa Somalia. Hela imechangwa kusini kabisa mwa bara, inapangwa Somalia, inatumika Beni na Macomia kule Cabo Delgado. Mi ni wakala, nawaambia huo ni mzunguko wa hela ambao hata kampuni kubwa za simu zinahangaika kuutengeneza kihalali.

Na hiki ndo kitu kinachoniuma kuliko vyote. ISIS walipotangaza lile jimbo lao la Afrika ya Kati mwaka 2019, waliiweka Congo na Msumbiji ndani ya jimbo moja. Jimbo moja! Mpaka 2022 ndo wakaitenga Msumbiji. Watu ambao kati yao kuna nchi nzima ya Tanzania wakakubaliana kutumia jina moja na bendera moja. Nyie nanyi je? Msumbiji iko SADC, haiko EAC. Uganda, Rwanda, Kenya na sasa Somalia ziko EAC, haziko SADC. Tanzania na Congo ziko kote kote. Kwa hiyo ADF wakiua watu Beni kikao kinakaa upande huu, wenzao wakiua watu Macomia kikao kinakaa upande ule, na anayeweza kusema jamani hawa ni ndugu moja hana meza ya kukalia. Congo mlipeleka jeshi la EAC mwishoni mwa 2022, 2023 likaondoka likaja la SADC, 2025 nalo likaondoka. Msumbiji SADC iliingia Julai 2021 ikatoka Julai 2024, Rwanda iliingia Julai hiyo hiyo ya 2021 kwa makubaliano yake yenyewe na Maputo na bado ipo. Nasema wazi kabisa, Wanyarwanda walifanya kazi, Mocímboa da Praia ilikuwa mikononi mwa hao jamaa mwaka mzima toka Agosti 2020 na ikakombolewa Agosti 2021. Lakini ukombozi wa mji sio mwisho wa hii vita, maana hawa hawapigani kushika mji kama zamani. Wakibanwa pwani wanaenda Nangade, wakibanwa Nangade wanashuka Chiúre, na Julai 2025 huko Chiúre na jirani zake watu zaidi ya 46,000 walikimbia kwa muda wa siku 8 tu, na Novemba 2025 wameshafika Memba ambayo ni mkoa wa Nampula. Unafukuza kundi la watu 10 wenye pikipiki na panga na bunduki chache, hawana kambi wala sare, jioni wamechanganyika na watu wanaokimbia.

Kuna wengine pia wasio na mpaka ambao nyie wenyewe mliwakaribisha, na hao hatuwasemi kwa sababu wanakuja na mikataba. Serikali ya Msumbiji ilizidiwa ikaita Wagner kutoka Urusi Septemba 2019, wakapoteza watu porini wakaondoka baada ya miezi michache. Ikaita kampuni ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, ikaja na helikopta 2020, mkataba ukaisha Aprili 2021. Mwezi huo huo TotalEnergies wakasimamisha mradi wa gesi wakaondoa watu wao, wakarejea kutangaza kwamba kizuizi kimeondoka mwishoni mwa 2025. Fikirieni mzee wa Palma alichokiona kwa macho yake ndani ya miaka mitatu, wanaomuua wamekuja na jina la mbali, wanaomlinda wanalipwa na mkataba, wanaotaka gesi ya baharini mbele ya shamba lake wana ofisi Paris, na serikali yake mwenyewe ameiona mara ngapi? Sisi wa Mtwara hilo tunalielewa vizuri maana 2013 tulikuwa na ya kwetu ya gesi na bomba, watu walikufa huku, sitaki kuyafukua ila mnakumbuka. Na mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wadogo walifukuzwa kwenye madini ya rubi kule Montepuez, Watanzania wakiwa wengi tu, tuliwaona wanarudi huku mikono mitupu wengine na majeraha, wanasimulia walivyopigwa na kunyang'anywa. Hiyo ni miezi michache kabla ya Oktoba ile. Sisemi kila aliyefukuzwa kwenye rubi alikwenda porini, wengi walirudi wakaendesha boda. Nasema aliyekuwa anatafuta vijana wenye hasira mwaka ule hakutafuta sana.

Naomba mnielewe kuhusu dini pia. Mi ni Muislamu, naswali, na mtoto wangu amesoma madrasa hapa hapa. Hao watu wameua masheikh na wamechinja watu waliotoka kuswali. Na kabla ya 2017 masheikh wa Cabo Delgado ndo walikuwa wa kwanza kwenda serikalini kusema kuna kikundi kimejitenga, kina misikiti yake, kinawaambia vijana wasisome shule na wasitambue serikali. Walisema wakiwa bado wana muda. Walisikilizwa nusu nusu, mpaka risasi zilipolia, na zilipolia waliokamatwa wengine walikuwa hao hao wenye ndevu na kanzu waliotoa taarifa.

Naijua hiyo kwa sababu na mimi imenikuta. Kuna kipindi alikuwa anakuja mtu kibandani, mgeni, mstaarabu sana, anaamkia, ana laini nne za majina tofauti, anapokea hela kidogo kidogo toka namba nyingi anatoa zote siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya tatu nikakataa kumhudumia, na nikachukua daftari langu nikaenda nalo kwenye ofisi moja inayohusika, sitaitaja. Nilidhani nitapewa kiti. Nikaulizwa mimi. Umemjuaje, kwanini ulimhudumia mara ya kwanza, mumeo yuko wapi, ndugu zako wa Msumbiji wanafanya kazi gani, unalipwa sh ngapi. Nililala huko usiku mmoja kwenye benchi, mtoto wangu mdogo kaachwa kwa jirani. Daftari lilirudi baada ya wiki tatu. Yule mtu hakuonekana tena kijijini, kaondoka siku ile ile niliyolala benchi, maana habari ya mama wakala kukamatwa ilifika sokoni kabla sijafika nyumbani. Sasa niambieni, mwenzangu wa kibanda cha pili akiona mtu wa namna ile kesho, ataenda kusema? Haendi. Na mi simlaumu.

Oktoba 2022 FATF, wale wa kimataifa wanaofuatilia hela chafu na hela za ugaidi, waliiweka nchi yetu kwenye ile orodha ya kijivu ya nchi zenye udhibiti dhaifu, pamoja na Msumbiji na Congo, Kenya ikafuata Februari 2024. Tukaongezewa masharti mawakala, tukaambiwa tuangalie vitambulisho, tukafanya, na Juni 2025 Tanzania ikatolewa mkapongezana. Nami nilifurahi. Ila kwenye fomu zote hizo hamna mahali panaposema wakala akileta taarifa atalindwa vipi.

Na kuna hili la simu ambalo naona ndo mmechelewa kabisa. Huku kijiweni vijana wanarushiana video kwenye WhatsApp na Telegram. Nimeonyeshwa moja kwa sekunde chache nikaifunga, sikuweza. Ila nilichosikia kwenye hizo sekunde ni Kiswahili. Mmoja anaongea kama mtu wa Mombasa, mwingine Kiswahili cha Congo kile cha Bukavu na Beni, wa tatu Kimwani ambacho sisi tunakielewa. Wanaitana ndugu. Lugha ambayo Mwalimu aliihangaikia ili Mmakonde na Msukuma wawe kitu kimoja, lugha mliyoipitisha kutumika SADC mwaka 2019 tukashangilia, hao wameifanya ndo lugha yao ya kuitana porini. Na sisi upande wetu tunawajibu vijana kwa nini? Kwa taarifa ya kuzima mtandao, kwa onyo la mkuu wa wilaya na tangazo kwenye bango. Juni 16, 2023 watoto wa shule ya Lhubiriha kule Mpondwe Uganda walichomwa na kukatwa usiku bwenini, zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, kilomita chache tu toka mpaka wa Congo. Niliuliza vijana wangapi hapa kijiweni wanaijua habari hiyo. Mmoja. Video za porini wameziona wote. Kama kijana hajaambiwa kwa lugha yake waliwafanya nini watoto wa shule wa Mpondwe basi anayemwambia ni yule mwingine, na anamwambia anavyotaka yeye.

Ndo maana na suala la waandishi wa habari linanihusu hata mimi muuza vocha. Azory Gwanda alikuwa anaandika habari za Kibiti, akachukuliwa Novemba 2017 na mpaka leo familia yake haijui yuko wapi. Baada ya hapo nani aliendelea kuandika? Ukimya ulioingia pale ndo uliotufanya sisi wa Mtwara tusijue kinachokuja upande wetu.

Ninachowaomba nakisema kama mama anavyoweza kukisema. Februari 8, 2025 mlikaa pamoja Dar es Salaam, EAC na SADC kwenye meza moja, kwa ajili ya vita ya Goma kule Congo. Kwa hiyo meza ipo na inawezekana. Kaeni hivyo hivyo kwa ajili ya hawa wa Beni na Cabo Delgado, na msikae kutoa tamko, kaeni muunde dawati moja la kudumu lenye watu wa Tanzania, Msumbiji, Congo, Uganda, Rwanda, Kenya na Afrika Kusini, ambapo jina likitokea Macomia asubuhi mtu wa Kibiti analiona mchana. Fungueni vivuko halali vya mitumbwi Ruvuma, viwe na karani na daftari, mtu aandikwe avuke akazike mjomba wake arudi. Mkifunga hamjui nani kavuka, mkifungua mnajua, na samaki wakavu watu watakula. Anayekimbia na mtoto mpokeeni, mkae naye na mtu anayejua Kimakonde au Kimwani, mumuulize polepole kaona nini, kabla ya lori. Na anayeleta taarifa, awe sheikh au wakala au mvuvi, asilale kwenye benchi.

La mwisho ni hili. Kuna kijana alikuwa akichaji simu kwangu kila siku, dereva boda, mcheshi, alikuwa ananiita shangazi. Mwaka 2019 aliaga kwamba anaenda Pemba kwenye biashara ya samaki. Alipiga mara moja kwa namba ya +258 kwenye simu yangu kwa sababu mama yake hana simu, akasema mwambieni mama asinitafute, nyuma yake nikasikia watu wanaongea na jogoo anawika. Basi. Mama yake anakuja kila Ijumaa baada ya swala, anakaa kwenye kile kiti cha plastiki, haulizi kitu ananiangalia tu na mi natikisa kichwa. Nilimwambia twende tukaseme, akanijibu nikienda watamchukua na mdogo wake, bora nibaki na mmoja. Ana mtoto wa pili miaka 17, hamruhusu hata kukaa kijiweni.

Kama ipo ofisi, Mtwara au Arusha au hata Gaborone, ambayo huyu mama anaweza kwenda akasema mwanangu kapotea nadhani yuko kwa wale watu, naomba msaada arudi ashtakiwe kihalali kuliko afie porini, na akarudi nyumbani jioni akamkuta mdogo wake yupo, naombeni mnitajie jina la hiyo ofisi. Nitafunga kibanda siku hiyo nimsindikize. Namba ya yule mtoto wa Palma nayo nitakuja nayo, bado iko kwenye daftari.